Barua Niliyokusomea Mlangoni

Mama Riziki, jirani yangu na mama yangu wa pili,

Nimemaliza shule. Wewe ungepiga kigelegele mpaka wavuvi wageuke kutazama. Hapa nyumbani baba aliuliza tu kama sasa nina nafasi ya kumwandikia tangazo. Nyumba yake ya kupangisha, ile mliyokaa ninyi hapa Buzebazeba, haina mtu.

Nakumbuka siku mlipofika. Ulimshika Riziki mkono, mdogo wake yuko mgongoni, na sufuria umelifunga ndani ya kitenge. Mlikuwa mmevuka ziwa bila baba Riziki, aliyebaki ng'ambo akisema atafuata. Baba yangu alikuwa ndiyo kwanza ameezeka ile nyumba, ya kwanza ya kupangisha maishani mwake, na aliogopa. Kila jioni alimuuliza mama maswali yale yale mpaka ugali unapoa. Amchukue mpangaji gani? Akihama ghafla je? Au bora angejenga mtaa wa Katubuka? Na nyumba ikikaa tupu?

Hilo la mwisho ulimjibu wewe, umeinamia moshi wa migebuka, samaki uliokuwa ukiwakausha.

"Baba Neema, nyumba isiyopikiwa huliwa na mchwa. Miye nakupikia nyumba yako, tena bure!"

Baba alicheka, akakupa ufunguo. Unajua jinsi anavyocheka kwa nadra.

Nyufa uliziziba mwenyewe kwa udongo, hukungoja kuambiwa. Hukuwa na kisomo, kwa hiyo barua za baba Riziki, zilizovuka ziwa mikononi mwa wafanyabiashara, nilikusomea mimi, tukisimama mlangoni pako. Darasani sikuweza kunyoosha kidole hata kwa jibu ninalolijua, lakini kwako sauti ilitoka. "Msomaji wangu," uliniita, ukanipa mgebuka mmoja, yule mnono. Nami nilimfundisha Riziki herufi kwa mkaa, kwenye ukuta wa nyuma, ambako baba hapiti.

Kisha watu wa mashirika ya kusaidia wakimbizi wakajaa mjini wakitafuta nyumba. Dalali akaja na viatu vinavyong'aa, ameziba pua.

"Mzee, umekausha samaki juu ya dhahabu! Wageni wanataka choo cha ndani, uzio na geti, basi. Wanalipa mwaka mzima mbele. Huyu mama si aende kambini, kwao?"

"Kwao ni ng'ambo," mama yangu akasema kutoka jikoni. Baba akamvutia dalali kiti.

Hujawahi kujua yaliyofuata. Dalali alisema notisi iwe ya maandishi, usije ukasema hukuambiwa. Baba akaniita. "Neema, wewe una mwandiko mzuri." Alitamka, nikaandika: siku saba, uache nyumba safi, urudishe ufunguo. Mstari wa mwisho haukuwa wake. Niliuongeza mimi, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba barua haimalizwi kikavu. "Tunakutakia maisha mema huko uendako." Baba aliusoma mara mbili, akaupenda. Akanituma niipitishe karatasi chini ya mlango wako, nami nikaenda wakati uko ufukweni ukinunua samaki.

Ulirudi, ukaja mbio, magamba bado mikononi.

"Msomaji wangu! Imekuja! Ni ya baba Riziki hii, nisomee upesi!"

Ningeweza kusema macho yananiuma. Ningeweza kumwita baba aje aisome mwenyewe. Nilisoma, Mama Riziki. Nilisoma yote mpaka kwenye maisha mema, kwa sauti ile ile niliyokusomea salamu za mumeo. Ukaikunja mara nne, kama ulivyozikunja zile nyingine.

"Na aliyeandika ni nani?"

"Sijui," nikasema.

"Ana moyo huyo. Mwenye nyumba kanifukuza, karani wake kaniombea mema."

Siku ya saba lori la kambini lilikuja. Ulikuwa umefagia hadi chini ya mawe ya jiko.

Wageni hawakumaliza masika ya pili. Walihamia mji mwingine, na dalali siku hizi akimwona baba huvuka barabara. Geti baba alilowajengea limeota kutu. Choo cha ndani hakijaona maji siku nyingi. Mchwa wamepanda fremu ya mlango mpaka juu, kama ulivyosema. Rangi ya ukuta wa nyuma imebanduka, na mkaa wa Riziki unaonekana tena, kuanzia A hadi M, tulipoishia.

Baba bado anauliza. Ashushe kodi? Auze? Kwa nini watu hawaipendi nyumba yake? Namsikiliza na moyo wangu ni mchungu kama shubiri. Hajawahi kuuliza mko wapi. Lakini hasira yangu kwake haifiki mbali, maana yeye alitamka tu. Mkono ulikuwa wangu.

Jana aliniletea karatasi mpya za hilo tangazo. "Mwishoni weka yale maneno yako mazuri," akasema, "kama ya siku ile."

"Sitaandika, baba."

Alinitazama kana kwamba ukuta umesema. Sikuwa nimewahi kumkatalia jambo. Aliondoka, akaziacha karatasi mezani, na ninayokuandikia ni mojawapo.

Barua hii nampa mama mmoja anayepeleka dagaa huko kambini. Usimpe mtu mwingine akusomee. Mpe Riziki. Kama kuna aliyemfundisha zaidi ya M, ataweza. Akikwama, mngoje. Akifika mwisho, mwambie aurudie.

Sikutakii lolote huko uliko. Maneno hayo niliyatumia vibaya, sina haki nayo tena. Nina jibu tu la swali uliloniuliza mlangoni. Aliyeandika ni mimi.

Msomaji wako,
Neema