Neno moja, mkia mmoja

Shoga yangu Zuwena,

Joto la Maskati watakuhadithia wengine, mie nna hasira. Binamu yangu Asma, ambaye nimekuja kumchorea binti yake piko la harusi, kanipeleka kwenye darasa analosoma mtaa wa Ansab, kujifunza mwandiko wa kale wa Kichina, ule wa makarani. Mwalimu ni mama wa Kichina, mpole, na kaniudhi kweli. Brashi unaisimamisha wima, ncha unairudisha nyuma kidogo ijifiche, ndipo uvute mstari. Hayo nikayaweza. Kisha akatuonesha mstari unaomalizikia kwa kubenuka juu, kama mkia wa bata. Mistari yangu yote nikaitia mikia, maana mkono wa mchora piko hauachi ncha tupu. Akaifunika karatasi yangu kwa kiganja.

Asma akanitafsiria: "Neno moja, mkia mmoja. Mingine inyamaze."

Inyamaze? Aniambie hayo mie, niliyepamba maharusi wa mtaa wetu wa Mchangani wote? Nikarudi nimenuna, hata halua sikuionja.

Jioni nikamkalia bibi harusi, na mkono ukakataa kunitii. Vidole nikaviachia mistari mitupu, ua moja tu likachanua kwenye kifundo. Nikangoja Asma anifokee. Binti akaugeuzageuza mkono wake kwenye taa, kisha akaniomba nisiongeze kitu. Wote wamesifu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nakukumbatia wewe na wanao, Mungu akuzidishieni afya. Kesho nnarudi kwa yule mama. Sijamsamehe.

Wako, Rukia