Damu ya Bi Mwanaidi

Jumatatu, 7 Juni 1993
Damu kumi na mbili kabla ya chai. Wagonjwa wa magoti yaliyosagika, wiki ya sita ya vidonge vya kutuliza uvimbe. Napima kimeng'enya kinachozima sumu za oksijeni mwilini. Kwa wote kimepanda, isipokuwa Bi Mwanaidi wa Buguruni. Chake kimelala palepale kilipokuwa kabla ya dawa. Daktari anasema nimekosea. Mie sikosei.

Jumanne, 8 Juni
Nimerudia mara tatu. Jibu lilelile. Daktari anataka kumfuta kwenye utafiti Ijumaa, eti anaharibu matokeo. Akifutwa, vidonge vya bure basi. Maduka ya dawa siku hizi yako kila kona, lakini bei zake si za muuza vitumbua. Nimekasirika. Kipimo ni sahihi, kwa hiyo kuna jambo hatulijui.

Alhamisi, 10 Juni
Nimekwenda Buguruni mwenyewe. Bi Mwanaidi hakuficha kitu. Kila asubuhi hukata kidonge kwa kisu cha vitunguu: nusu yake, nusu ya mke mwenzake, Bi Zuhura, wa chumba cha pili. Marehemu mume wao aliwagawia kila kitu sawasawa. Hawajaacha.
"Mwanangu, mie niinuke kwenye sijda, mwenzangu abaki chini?"
Nikala vitumbua vinne. Moyoni nilifurahi kwamba mkono wangu haukukosea. Kisha nikaona aibu kufurahi.

Ijumaa, 11 Juni
Daktari alicheka, kisha akanuna. Maji yakimwagika hayazoleki, akasema. Nikamwambia haya hayajamwagika, yamegawanywa tu. Sikuondoka mezani kwake. Mwishowe amekubali: Bi Mwanaidi aanze upya Jumatatu, na Bi Zuhura aandikishwe. Nafasi zipo tangu wagonjwa wawili wa Mbweni waache kuja.

Jumatatu, 26 Julai
Wiki sita, kidonge kizima kila mmoja. Wamekuja pamoja. Doti moja ya kanga wameigawana, kipande huyu, kipande huyu. Nilipowaita waliinuka kwenye benchi bila kushika ukuta.
Wakasubiri majibu. Vimeng'enya vimepanda vyote viwili. Cha Bi Zuhura zaidi, tena mbali.
Bi Mwanaidi akauliza nani kapanda zaidi. Nikamwambia wako sawasawa.
Daftarini nimeandika kama ilivyo.