Masaa Kumi na Tisa Mpaka kwa Mama

Jumatatu, 9 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani huko? Sisi tunaendelea, ila Mama si mzima. Ule uvimbe wa shingoni aliokuwa akituficha umefika kwenye mshipa mkubwa. Atapasuliwa Alhamisi saa nane mchana. Daktari kaniambia wazi: sauti inaweza isirudi, na hata mwenyewe anaweza asirudi.

Mwaka wa pili huu hatusemezani. Ulifika siku mbili baada ya kumzika Baba, nami nikakutolea maneno makali mbele za watu. Hayo tutayamaliza. Sasa njoo.

Dada yako

Jumanne, 10 Machi

Dada, shikamoo.

Ujumbe wako nimeusoma kwenye simu kazini, mikate ikaungulia ndani ya tanuri. Msimamizi kafoka, nikavua aproni nikamwachia mezani.

Kutoka hapa mpaka nyumbani ni kilomita elfu kumi na moja. Ndege ya kwanza masaa saba, kusubiri matatu, ya pili masaa tisa. Naondoka kesho, natua Alhamisi saa nne asubuhi. Mwambie Mama nakuja.

Mdogo wako

Alhamisi, 12 Machi, saa moja asubuhi ya huko

Dada, shikamoo. Mama kaamkaje?

Nimekwama njiani. Ukungu umefunga uwanja, ndege ya pili imechelewa masaa saba. Tunaruka saa mbili, natua saa kumi na moja jioni. Waombe waahirishe hata mpaka kesho. Nakuomba, Dada.

Mdogo wako

Alhamisi, saa nane na robo mchana

Mdogo wangu,

Najua uko angani na simu umezima. Naandika tu, maana mikono sina pa kuiweka.

Nilimwomba daktari mpaka nikapiga magoti. Akaniinua, akasema, "Dada yangu, mshipa haujui ratiba ya ndege."

Wamemwingiza Mama chumba cha upasuaji sasa hivi. Pale mlangoni alinishika mkono. "Amefika?"

"Yuko nje, Mama. Wauguzi wamemzuia."

Akatabasamu, akaniachia. Nimemdanganya mama yangu, na huenda ndiyo maneno ya mwisho aliyosikia kwangu.

Dada yako

Alhamisi, saa kumi na moja na dakika ishirini

Dada, nimetua. Niko foleni ya pasipoti, mbele yangu watu kama arobaini. Ujumbe wako nimeusoma. Baada ya huo hakuna mwingine, masaa matatu kimya. Niambie lolote. Kama ni lile, liseme tu.

Mdogo wako

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu

Mdogo wangu, nisamehe, tangu wamtoe upasuaji nilikuwa ndani kwake na simu hawaruhusu.

Yu hai! Sauti bado, na daktari haahidi kitu. Lakini ameonyesha kwa vidole kwamba anataka kalamu. Ameandika herufi zimelala upande, nikasoma mara mbili: "Mbona unamwacha mwenzako nje muda wote huu? Mwambie aingie."

Nimelia mpaka muuguzi kanitoa.

Waambie hao watu arobaini wakupishe. Waambie unaitwa ndani.

Dada yako