Jina la Indriķis Kitabuni

Liepsala, 9 Machi 1990

Mdogo wangu mpendwa Zelma,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepoa. Mimi mapafu yamechoka. Daktari akiongea nami hataji tena habari za kiangazi. Basi nianze na jambo nililokuficha miaka hamsini na miwili: mumeo hakukudanganya. Hakuapa kamwe. Jina lake kwenye kitabu cha Walinzi niliandika mimi.

Unakumbuka Walinzi, kikosi chetu cha kujitolea. Kilianza baada ya vita ya kwanza, kulinda barabara dhidi ya wanyang'anyi. Baadaye kila mlinzi alikuwa na bunduki ukutani, lakini jioni nyingi zilikwenda kwenye kwaya, maigizo na bendi yangu ya matarumbeta. Mimi mwalimu nilikuwa kiongozi wa bendi na karani pia. Indriķis hakuwa mwanachama, ila ni yeye tu aliyeweza kupuliza lile tarumbeta kubwa la besi. Nilipombembeleza aape alicheka, akasema, "Shemeji, nikiapa nitawaapia ng'ombe, angalau wao wananipa maziwa." Tena alikuwa amekuahidi kwamba hataapa. Wewe hukutaka bunduki nyumbani tangu baba yetu auawe.

Mwaka 1938 tukaalikwa kwenye tamasha la nyimbo la mkoa. Kamanda akasema asiyeapa havai sare, na asiye na sare hapandi jukwaani. Nikafungua kitabu nikamtilia sahihi, kisha nikamwambia Indriķis kwamba kamanda amekubali kumwazima koti kwa siku moja. Siku ile alipiga vizuri mno, Zelma. Niliona fahari.

Warusi walipoingia mwaka 1940 walivunja kikosi, wakachukua bunduki na vitabu. Februari iliyofuata wakamkamata Indriķis kwa kuwa jina lake lilikuwa kitabuni. Walikuonyesha sahihi, ukaja kwangu, ukaniambia, "Kaka, mwanamume yule amenidanganya tukilala kitanda kimoja!" Nilikumiminia chai. Alifia kambini, na kila siku ya kuwakumbuka marehemu makaburini unawasha mishumaa kwa wote isipokuwa yeye. Nakuomba jina lake lichongwe kwenye jiwe la familia kiangazi hiki.

Nisalimie mpwa wangu Ausma na watoto wake. Yale matufaha makavu aliyoniletea bado nayala, nikiyaloweka kwanza.

Nilitaka kuishia hapa, lakini kuna lingine. Indriķis aliwaambia wale maofisa kwamba sahihi si yake. Wakaniita, wakatuweka chumba kimoja, kitabu kikiwa wazi mezani. Alifurahi kuniona. Akasema, "Haya, mwalimu, waambie hawa, mwandiko wangu unaujua, unafanana na kuku aliyeparua." Ofisa akaniuliza kama sahihi ile ni ya shemeji yangu.

Nilisema ndiyo, ni yake. Wakaniruhusu nirudi shuleni kufundisha.

Kaka yako,
Voldemārs