Mbegu za Kunde na Vita ya Misri

Sagalla, Jumatatu, Novemba 1956

Sasa hata sijui nimsikilize nani. Jana baada ya ibada mwalimu alitusomea gazeti: Misri na Israeli wanapigana. Mimi niliwajua katika Biblia tu, nikadhani ugomvi wao uliisha zamani.

Leo shamba limelowa vizuri, nikatoa mbegu za kunde nipande. Mama mkwe akashika kibuyu cha mbegu.

"Ziweke, tutakuja kuzila njaa ikija. Vita ya Wajerumani pia ilianza mbali, mara ikafika Taveta, hapa karibu."

"Lakini Mama, Misri ni mbali zaidi."

"Mume wako ni askari, na bado unaniambia mbali?"

Baba Mghoi aliandika kutoka kambini kwamba atapata likizo Krismasi, aje amwone Mghoi, mtoto wetu, kwa mara ya kwanza. Misri hakuitaja. Labda hawaruhusiwi. Labda hata yeye atapelekwa huko...

Jioni nikapanda mistari mitatu, Mghoi mgongoni. Krismasi ikifika majani yatakuwa ya kuchuma, na baba yake anayapenda.

Mama mkwe alinitazama weee, kisha akaja na jembe akanisaidia kufukia. Tulipomaliza akafunga kibuyu chenye mbegu zilizobaki, akakiweka chini ya kitanda chake.