Kona ya Wodi Imefika Kwenye Kaburi Lako

Baba Bahati,

Nakuandikia mchana huu, Bahati ameenda gulioni Nansio na mtoto wake amelala hapa miguuni pangu. Nimeona niandike, maana kesho nikisimama mbele ya kaburi lako nitalia tu, maneno yataniishia. Nitakusomea hii hii. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka. Univumilie.

Hospitali inajengwa kweli. Ulituacha tukisomba mawe, watu wakisema hizo ni siasa. Sasa ukuta wa upande wa barabara umepita madirisha, nondo zimesimama, malori ya mchanga hayakauki. Kilichobaki ni upande wetu. Msingi umechimbwa, ukaja, ukaja, ukasimama hatua nne kutoka kichwani kwako. Kamba ya fundi imepita juu yako, Baba Bahati. Nilipoiona, nilikaa chini pale pale kwenye udongo.

Kosa ni langu. Mkutanoni walipouliza nani atatoa kiwanja cha nyuma, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikapigiwa makofi, nikatia sahihi. Nilidhani jengo litapita pembeni. Ramani walinionyesha, nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Ningesemaje mbele ya watu wote wale kwamba naona mistari tu? Wewe ungeuliza. Mimi niliona aibu.

Fundi mkuu ni kijana mwenye adabu. Alikuja, "Shikamoo mama," akakaa juu ya tofali, akaniambia bado naweza kukataa, wataikata kona. Ila hapo ndipo pamechorwa chumba cha kuwapasulia wajawazito, na kikikatwa hakuna pa kukiweka. Akaondoka, akaniacha na hilo. Afadhali angenilazimisha.

Kaka yako amekasirika. "Shemeji, mtu hahamishwi kama kochi!" Eti lolote likitokea hapa nyumbani ni juu yangu. Juzi mtoto wa Bahati akashikwa na homa. Nikajua ni wewe. Wakampima, ni malaria. Amepona, lakini mpaka sasa namgusa shingo kila mara.

Halafu naikumbuka siku ile gatini. Kivuko cha kwenda hospitali ng'ambo kimeshaondoka, uchungu umenibana, wamama wamenizungushia khanga, na wewe umetupa mgongo umeshika mwavuli usiomfunika mtu yeyote, unapiga kelele, "Kaza! Hapana, usikaze!" Mpaka wakakufukuza. Tumecheka miaka yote. Lakini yule mwenzangu tuliyekuwa tunasubiri naye kivuko, yeye aliishia pale pale, yeye na mtoto wake. Hilo hatukulicheka. Hata kulitaja hatukulitaja.

Kwa hiyo nimekubali. Ni mara ya pili, na safari hii nimeelewa ninachokubali.

Utalala nyuma ya migomba, kando ya mama yako. Najua, hakunipenda yule. Mwambie namsalimu hata hivyo.

Mchungaji atakuja asubuhi. Shuka jeupe nimelifua mwenyewe, limekauka. Kaka yako sijui kama atatokea. Naogopa, Baba Bahati. Naogopa nitakachokiona. Naogopa umekataa na mimi sina masikio ya kukusikia. Kama una hasira, zilete kwangu. Wajukuu na mafundi waache, hawana kosa.

Basi, pumzika leo, mume wangu. Kesho nitatembea kando yako mpaka kule migombani, sitabaki nyuma hata hatua moja, nakuahidi. Na jambo lingine nimemwomba fundi. Wanaume wamecheka, eti tangu lini mwanamke akachimba kaburi. Wacheke. Nimewaambia jembe la kwanza nitapiga mimi. Kama ni lazima uamshwe, uamshwe na mtu unayemjua.

Mimi,
Mama Bahati