Mama, Nimewaomba Wasifagie Chini ya Kitanda

Mama yangu mpendwa,

Ile pesa nimeipata. Unakumbuka nilivyoiomba mara mbili ukiwa hai, na mara zote mbili ukaniuliza, "Banakupa pesa juu ya kuokota mavumbi?" Ukacheka mpaka kikohozi kikakukatiza. Ndiyo, mama, wamenipa. Ni ruzuku ndogo ya kuanzia, kwa watafiti wachanga wanaochunguza afya ya watu na mazingira wanamoishi. Wakiona kazi ya kwanza imefaa, ndipo watafikiria kubwa. Isipofaa, basi, nitarudi kufundisha kemia.

Nilichotaka kujua unakijua: kuna nini katika vumbi linalotoka kwenye mashimo ya migodi na kuingia nyumba za mtaa wetu wa Musonoi, vumbi tulilolivuta maisha yetu yote. Daktari alisema kifua chako kimechoka, akaishia hapo. Mimi sikuridhika, na hasira hiyo sijaimaliza.

Sasa sikia nilivyoharibu. Niliona adabu ni kuwaarifu watu mapema, nikaomba tangazo lisomwe baada ya misa: Jumanne tutapita nyumba kwa nyumba kuchukua vumbi. Na mimi ni mtoto uliyemzaa wewe! Wewe uliyekuwa ukitutoa kitandani alfajiri, "Mugeni asikute mavumbi mu nyumba," hata mgeni mwenyewe akiwa shangazi tu. Nilipofika, sakafu zilikuwa zinang'aa, ua umenyunyiziwa maji, na mama mmoja ananiambia kwa fahari, "Tulisikia kama munakuya, njo maana tulipangusa ata chini ya kitanda." Nilizunguka siku nzima na brashi yangu na vichupa vyangu. Loo! Hata vumbi la kujaza kijiko sikupata.

Ningeweza kuandika hivyo hivyo: nyumba za Musonoi hazina vumbi. Ripoti safi, na wapo wenye migodi hapa mjini ambao wangefurahi sana. Sentensi hiyo niliiacha mezani siku mbili, sitakuficha. Kisha nikawaandikia wafadhili ukweli, kwamba nilichopima ni ufagio wa akina mama. Jibu lao lilikuwa fupi: rudia kwa pesa iliyobaki, nyongeza hakuna.

Nikarudi, safari hii nyumba chache tu, kumwomba kila mama asifagie chini ya kitanda kwa siku kumi. Sijawahi kuomba kitu kigumu hivyo. Mama Ntumba, anayepanga sasa katika nyumba yetu, aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Siku kumi? Banamuke batanicheka!" Nikamwambia wanawake wakimcheka aseme ni mimi niliyemkataza. Akaguna, akakubali, lakini alitundika kitenge pembeni mwa kitanda kikafika sakafuni, majirani wasione.

Jana nilikusanya. Vichupa vimejaa, vina namba tu, majina hamna, na kesho vinakwenda maabara Lubumbashi. Namba tisa ni vumbi la chumba ulichofia. Nilipoinama kulichukua nililia, na Mama Ntumba akadhani nalilia uchafu wake, akaanza kuniomba radhi.

Wote wanakusalimu. Pumzika, mama.

Binti yako wa mwisho